Kumrudisha Trezo Amwite Mama Bijou

Tangu nirudi sijabadilisha hata kioo kimoja cha simu bila mtu kuegemea kaunta yangu na kuniuliza, "Ehe, Seif, ilikuwaje?" Nimesimulia mpaka koo limenikauka. Juma wa Overport nimemweleza mara mbili, na bado anazunguka akisema nilikamatwa Zambia. Sikukamatwa popote. Basi nimeamua kuandika, kila mtu asome kwa macho yake. Mambo ya tiketi na mihuri nayaruka, maana foleni ni foleni tu, haina utamu.

Greyville, kabla sijaondoka

Wale mliofika Durban juzi hamjui, kwa hiyo nianzie nyuma. Mimi huyu mnayemcheka kwa kitambi niliwahi kupiga dramu kwenye bendi iliyokuwa inajaza viwanja. Msigune. Bendi iliitwa Kutu, na muziki wetu ulikuwa grunge, ile roki ya gitaa la makwaruzo na mashati yaliyochakaa. Tulikuwa watatu. Kavesh, Mhindi wa Overport, alipiga besi. Mimi, mtoto wa Tanga niliyekuja kusoma chuo Westville nikaishia kwenye vijiti vya dramu, nilikaa nyuma. Mbele alisimama Trezo, Mkongo wa Lubumbashi, gitaa na sauti. Na sauti gani ile, jamani! Ukiisikia unageuka kutazama nani ameumia.

Mahali pa kufanyia mazoezi hatukuwa napo. Kila tulipojaribu, majirani walituitia polisi. Aliyetupokea ni Mama Bijou, mwenye saluni hapa Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Naye ni Mkongo. Alitupa chumba cha nyuma, kile cha kuwekea ndoo na nywele za kusukia, na kila jioni akatuletea bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Muziki wenyewe hakuupenda hata chembe. "Hii si muziki," alikuwa anasema. "Hii ni sufuria iko inalia. Lakini mukule kwanza."

Trezo akamshukuru kwa desturi ya kwao. Kwa Wakongo, mwanamuziki akikuheshimu anakutaja jina katikati ya wimbo, kwa sauti, watu wote wasikie. Wanasema amekutupia libanga. Na wewe uliyetajwa hukai kitako. Unainuka, unakwenda ukicheza taratibu mpaka kwa mwimbaji, unambandika noti kwenye paji la uso. Hapo heshima imekamilika pande zote mbili. Hayo ni mambo ya rumba, ya watu waliovaa suti na kujipulizia manukato, lakini Trezo akayaingiza kwenye grunge bila kuomba ruhusa ya mtu. Katikati ya wimbo wetu wa "Kuta Zinavuja" vyombo vyote vilinyamaza ghafla, naye akapiga ukelele: "Mama Bijooou! Mama ya watu!" Kisha mimi nikazishukia dramu zote kwa pamoja.

Wimbo huo ndio uliolipuka. Ulikuwa redioni, kwenye teksi, kwenye duka kubwa la Overport katikati ya rafu za nyanya za kopo. Wanafunzi wa Westville, watoto wa nyumba zenye bwawa la kuogelea, walilipigia kelele jina lile huku wakilia machozi ya kweli. Hawakujua libanga ni nini. Walidhani Mama Bijou ni jina la uchungu fulani. Mwandishi mmoja wa gazeti akaandika kwamba Mama Bijou ni bara la Afrika lililotelekezwa. Tulimsomea Mama mwenyewe akiwa anamsuka mteja. Akauliza, "Nani amenitelekeza? Bwana yangu iko ku kazi."

Zikatoka na fulana, nyeusi, zimeandikwa MAMA BIJOU kifuani kwa herufi nyeupe. Siku moja kijana wa chuo akaingia saluni akiwa ameivaa, anataka kunyoa tu, maskini. Sasa kwa akina mama wale, fulana nyeusi yenye jina la mtu ni ya msiba. Mama Bijou akaliona jina lake, akadondosha kitana. "Nani ameniua?" akalia. "Mi iko muzima! Muniguse, niko muzima!" Saluni nzima ilianza kuomboleza kabla haijacheka. Kijana wa watu alikimbia na nusu ya nywele.

Huo ndio ulikuwa wakati wetu, na sitadanganya, naukumbuka kila siku. Kuna asubuhi nafungua duka, nasikia basi linanguruma kule kwenye robot, zile taa za barabarani, na mikono yangu inaanza kupiga kaunta yenyewe.

Kisha tukaitwa kwenye tamasha kubwa Johannesburg, likirushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Mama Bijou, kama nilivyosimuliwa baadaye, akaialika Greyville yote. Akaweka televisheni juu ya kaunta ya saluni, akavaa kitenge kilichotoka kwa fundi siku ileile, akachukua noti mpya. Mpango wake ulikuwa kwamba Trezo akimtaja, yeye ataibandika noti kwenye kioo cha televisheni, palepale penye paji la uso la mtoto. Wote walikuwa wanacheka na kupiga vigelegele. Wimbo ukaanza, ukafika pale pa kunyamaza, Mama akainuka na kuanza kucheza kuelekea kwenye kioo. Wenye televisheni wakakata. Likaja tangazo la sabuni ya unga.

Mama akabaki amesimama na noti mkononi, mbele ya wateja wake wote, anamtazama mwanamke wa kwenye tangazo akikunja mashuka.

Trezo alimtaja. Nilikuwa mgongoni kwake, nilisikia kwa masikio haya. Lakini Mama alichokiona ni kwamba mtoto amekuwa mkubwa, amemfuta. Tuliporudi Durban tukakuta vyombo vyetu vimepangwa barabarani na mlango wa chumba cha nyuma una kufuli jipya. Trezo hakuuliza kwa nini. Alipandwa na hasira, akabeba gitaa lake, akaapa hatakanyaga tena mtaa ule. Hawakusemezana tena. Haukupita muda bendi ikafa, naye akarudi kwao Lubumbashi, na simu yoyote ya Afrika Kusini haipokei.

Mimi nilimweleza Mama. Akanijibu, "Mupiga dramu yake atasema nini ingine?" Kavesh akamletea video isiyokatwa. Mama akasema kwenye simu siku hizi watu wanaweka hata simba anaimba.

Sasa mwezi uliopita tukasikia Mama Bijou anafunga saluni, anahamia Kanada kwa binti yake, na harudi. Nilikwenda kumsaidia kufungua vioo ukutani. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia, "Seifu, mtoto wangu, mi najua alinisahau. Si kitu. Lakini ile siku nilisikia haya mpaka ku mifupa." Nilirudi dukani, nikafunga mapema, nikampigia Kavesh nikamwambia nakwenda Lubumbashi. Ndege ya Mama ilikuwa Jumapili jioni, wiki mbili mbele. Trezo awe amefika kabla ya hapo, amtaje mbele ya watu. Hilo tu ndilo nililolifuata.

Durban mpaka Johannesburg

Niliondoka Jumatatu na mkoba mmoja, mayai ya kuchemsha na samosa za mama yake Kavesh. Samosa ziliisha hata hatujatoka Pietermaritzburg. Kule juu, Van Reenen, ukungu ukashuka, malori yakasimama, na sisi tukakaa tunatazama taa nyekundu za gari la mbele.

Barabara ile naijua kwa mgongo. Tulikuwa tunaipita na gari letu dogo lenye dirisha lililozibwa kwa mkanda wa gundi, Kavesh anaendesha, Trezo amelala juu ya spika. Wakati wimbo umeshika namba moja bado tulikuwa tunasimama Harrismith kununua mkate mmoja na kuugawana watatu. Mara moja msichana wa kwenye kituo cha mafuta alitutambua, akatuimbia sehemu ya Mama Bijou akiwa ameshika mpira wa petroli. Trezo alishuka garini, akamfundisha aimbe vizuri zaidi. Nilicheka peke yangu mle ndani ya basi, abiria wa jirani akahamisha mkoba wake upande wa pili.

Johannesburg mpaka Beitbridge

Basi la Lubumbashi lilipakia magodoro, friji mbili na mtu mmoja aliyeitwa Ilunga. Ilunga alikuwa na kioo cha mbele cha gari, kimevikwa blanketi, na hakutaka kiende buti. Alikisimamisha kwenye njia katikati ya viti, akakifunga kwa kanga, akatangaza, "Ndugu zangu, ile mutu mwenye kulala, alale polepole." Nami ndiye niliyekaa naye.

Tukaanza kuzungumza. Akaniuliza ninafuata nini Lubumbashi. Nikamwambia namfuata mwimbaji aje amwite mama mmoja jina kabla hajaondoka. Ilunga akavua kofia. Akanishika goti. Nikadhani ni mtu mwenye huruma za kawaida tu.

Kumbe ameinuka na kuwaambia basi zima. Tulipofika Beitbridge, mpakani mwa Zimbabwe, foleni imejaa mpaka nje ya uzio na jua linachoma, mama mmoja wa Kizambia akaja na kunikumbatia. "Pole sana, mwanangu," akaniambia.

"Ya nini tena, mama?"

"Mama yako anayetuacha."

Nikaelewa. Nikamwambia, "Hapana, hapana, ni mzima kabisa. Anakwenda Kanada tu."

Akanitazama kwa upole mno, akanipapasa shavu. "Ndiyo, mwanangu," akasema. "Sote tutakwenda."

Abiria wakaanza kuimba mapambio palepale kwenye foleni, Mama Bijou anaombewa makao mema, na mtu akanipa chupa ya maji baridi na kuku robo. Kuku nilimla. Nilikuwa na njaa, na kukataa kungekuwa matusi.

Chirundu mpaka Kasumbalesa

Zimbabwe tuliipita kwa kuvizia usingizi. Chirundu, pale mtoni, nyani waliiba mkate wa dereva, akagoma kuendesha mpaka apate mwingine, na hakuna aliyemlaumu. Zambia ni ndefu, nyie. Unalala, unaamka, bado ni Zambia. Nilinunua nyanya, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikanunua uyoga mkubwa kama sinia ambao mpaka leo sijui niliununulia nini.

Kila basi liliporuka shimo, abiria wote kwa pamoja walinyoosha mikono kukishika kioo cha Ilunga. Mpaka Ndola hata watoto walishajua wakae wapi. Katika yale yote nilikuwa na woga mmoja tu: nitamkuta Trezo, naye atanifukuza.

Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, malori yamejipanga mpaka macho yanachoka. Tulivuka kwa miguu, Ilunga na kioo chake mbele, sisi pembeni tumemzunguka kumlinda. Upande wa pili akakilaza kwenye gari la shemeji yake, akalifunga buti kwa furaha. Tukasikia kioo kimelia. Hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Aliniambia tu, "Seif, mama yako aende salama," nikamwitikia amina.

Lubumbashi

Nilifika Alhamisi, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Kumpata Trezo hakukuwa kazi. Kila niliyemuuliza aliniuliza, "Trezo ya milango?" Kumbe siku hizi anatengeneza milango ya chuma. Nilimkuta uani, amevaa miwani ya kuchomelea, mlango mrefu mbele yake, anaupaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Nywele zimekwisha. Mabega ni yaleyale.

Nikamwambia, "Leo unapigana na kutu, wewe?"

Akainua miwani. "Seif? Weye? Umenenepa, ndugu yangu! Umekula nani?"

Tulikumbatiana mpaka rangi ikanihamia shati. Mke wake, Solange, akatupikia bukari na ndagala, dagaa wa kwao. Tukala kwa mkono mmoja huku mwingine ukipiga meza, nyimbo zote za zamani, tukamcheka Kavesh na viatu vyake. Nilikuwa na furaha ambayo sikuipata kwa miaka. Mwisho ikabidi niseme.

"Mama Bijou anahamia Kanada. Anaondoka Jumapili ya wiki ijayo."

Uso ukamkunjika. "Aende muzuri," akasema.

"Njoo umtaje jina, Trezo. Mara moja tu, mbele ya watu."

"Nilimutaja! Mbele ya stade nzima, uwanja yote, nilimutaja. Nikarudi, vyombo yangu iko ku barabara kama takataka. Ju ya nini? Sikumukosea kitu ile mama. Mi si mutoto, Seif. Sitaenda kuomba musamaha ya kosa ya televizyo."

"Unajua kwamba alikuwa ameshika noti?"

"Noti gani?"

Nikamtazama. Miaka yote ile nilidhani anajua. Nikamweleza: saluni imejaa, kitenge kipya, Mama anacheza kuelekea kwenye televisheni ili aibandike kwenye kioo, halafu sabuni ya unga.

"Alitaka kubandika ku televizyo?" akauliza. Akaanza kucheka. Alicheka akashika tumbo, kisha kicheko kikambadilikia kifuani, akawa analia, mtu mzima, mikono imejaa rangi nyekundu. "Akabaki na noti mukononi," akasema. "Mbele ya batu. Na mi niko nakasirikia dramu ku barabara."

Solange akamtupia taulo. "Ile mama alikulisha," akasema. "Jipanguse uende."

Kurudi

Basi lilitoka Jumanne. Hesabu yangu ilitufikisha Durban Ijumaa, na sherehe ya kumuaga Mama ilikuwa Jumamosi saluni. Nilimtumia Kavesh ujumbe, akajibu "sharp", yaani sawa, na picha ya dramu zangu amezipangusa vumbi.

Zambia tulikwenda vizuri. Trezo alikaa dirishani, gitaa katikati ya magoti, anaimba chini kwa chini. Karibu na Masvingo basi likachemka maji, moshi mweupe ukatoka, tukashuka. Dereva akasema fundi anakuja. Hakusema anatoka nchi gani. Tukakaa chini ya kibao cha barabara tukila sadza, ugali wa kwao, na maharage tuliyouziwa na kina mama wa pale, siku ikapita, ikaja nyingine.

Trezo akatembea porini kidogo, akanipa mgongo, akajaribu ule ukelele. Nilimsikia. Haukutoka. Kilichotoka ni kikohozi. Akajaribu tena, mbuzi wawili wakainua vichwa kumtazama, wakarudi kwenye majani yao. Akaja akakaa pembeni yangu.

"Moshi ya kuchomelea imekula koo," akasema. "Haiko tena, Seif. Nitaenda pale nikohoe mbele yake?"

Nikamwambia atanong'ona. Akasema libanga hainong'onwi. Nami najua hainong'onwi, nilikuwa namfariji tu. Niliogopa, kusema kweli. Nilimtoa mtu kwenye kazi yake na kumvusha nchi mbili kwa ajili ya sauti ambayo haipo.

Beitbridge ikatumaliza. Jumamosi, saa za sherehe, sisi tupo kwenye foleni tunasukuma mikoba kwa miguu. Kavesh akatuma picha: sahani tupu, sufuria tupu, Mama Bijou katikati ya watu, hacheki. Chini ameandika, "Ameuliza kama nyote wawili mko salama. Wote wawili, Seif." Nikampa Trezo asome. Akaisoma, akanirudishia simu, akaenda mbele ya foleni kuwabembeleza watu kwa lugha zote anazozijua watupishe. Walitupisha. Alipofika kwa ofisa alikuwa ameshika gitaa kifuani na machozi yanamtoka, na mama mmoja nyuma yetu akasema, "Eish, jamani, hawa wana msiba." Safari hii sikumsahihisha mtu.

Greyville tena

Johannesburg tuliondoka Jumapili asubuhi. Njiani sikula kitu. Tuliingia Durban mchana umeegemea jioni, tukapanda gari mpaka Greyville, na tulipokata kona nikaliona: gari la kwenda uwanja wa ndege limepaki mbele ya saluni, buti wazi, mizigo inaingizwa.

Kavesh alikuwa ameshapanga vyombo barabarani, palepale vilipotupwa zamani. Sijui kama alikusudia. Ndevu zake zimeota mvi, na viatu ni vilevile. Majirani walikuwa bado wapo, akina mama wa saluni, wasichana wenye nywele nusu zimesukwa, yule mzee wa duka la vitambaa. Mama Bijou alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti kimoja kilichobaki, koti zito la Kanada mapajani na joto lote hili la Durban, mkoba wake wa mkononi juu ya koti.

Alimwona Trezo. Hakusalimia. Akageuza uso, akawa anatazama robot kama vile anangoja ibadilike. Trezo naye hakusalimia. Alivaa gitaa, akachomeka waya, akaniangalia. Nikakaa kwenye dramu na kitambi changu. Nikagonga vijiti.

Jamani. Spika zilikwaruza mpaka vioo vya madirisha ya saluni vikatetemeka, mzee wa vitambaa akaziba masikio, na mikono yangu ilikumbuka kila kitu. Gari moja lilisimama kwenye robot, mwanamume wa makamo mwenye tai akashusha kioo, akashtuka, kisha akaanza kuimba na sisi, neno kwa neno. Robot ikawa kijani, waliokuwa nyuma wakapiga honi, yeye wala habari hana.

Tukafika pale pa kunyamaza. Tukanyamaza.

Trezo akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikaona shingo yake inajikaza, mishipa imesimama, na hakuna sauti. Mama alikuwa bado anatazama robot. Mimi pale kwenye dramu nikasema moyoni, basi, imekwisha.

Ndipo akaacha kulazimisha. Akauacha ule ukelele, akaisogeza maikrofoni pembeni, akatumia sauti yake ya kawaida, ile iliyobaki, ya kukwaruza, ya fundi milango akimwita mtu ng'ambo ya barabara.

"Mama Bijou," akasema. "Mama Bijou wa Likasi. Mama ya Clarisse wa Kanada. Mama ya chumba ya nyuma. Mama ya sombe. Mama mwenye kufungulia batoto mlango wakati Durban yote ilifunga. Mama, nilikuita ile siku. Walinikata. Niko nakuita tena."

Zile honi zilinyamaza.

Mama Bijou akaliweka koti chini. Akafungua mkoba, akatafuta, akatafuta sana, kisha akainuka. Na hakutembea. Alicheza. Polepole, kiuno kimoja, mkono mmoja hewani, vile inavyotakiwa, akina mama wakaanza vigelegele huku wanalia. Alichukua muda wake wote. Alipofika kwa Trezo akaikunjua noti. Ilikuwa ya zamani, ya zile ambazo siku hizi dukani wanazigeuzageuza kabla ya kuzipokea, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Nilijua ni ipi. Kila mtu wa saluni alijua.

Akambandika kwenye paji la uso. Ikaanguka. Vumbi la Zimbabwe lote lilikuwa bado usoni kwake. Mama akainama, akaiokota mwenyewe, akalowesha kidole kwa mate, akampangusa paji la uso kama anavyopanguswa mtoto wa kwenda kanisani, akaibandika tena na kuikandamiza kwa kiganja. Ikashika. Hakuondoa mkono.

"Umekonda," akamwambia.

Trezo alikuwa amefumba macho, noti kichwani, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye nyuzi za gitaa. Mimi nilikuwa naona ukungu tu, sijui hata vijiti nilivitupa wapi.

Dereva wa gari akaja, kijana wa watu, akaonyesha saa yake. Akasema barabara ya uwanja wa ndege imejaa, kama hawaondoki sasa ndege itamwacha mama. Mama Bijou hakugeuka.

"Ngoja kwanza, mtoto wangu," akasema. "Unaona? Iko ananiita."

Dereva akaenda kuzima gari.